Miwani ya rubani inayoonyesha kimo, mwendo na upeo wa macho: ipimwe vipi kabla ya kuaminiwa?

KimoSalama (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Desemba 2023 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliidhinisha mfumo wa AerAware wa kampuni ya AerSale kwa ndege za Boeing 737NG. Nahodha na rubani msaidizi kila mmoja anavaa kioo chepesi mbele ya macho kiitwacho SkyLens, kazi ya Elbit ya Israeli. Ndege inafungwa kamera zinazoona kwenye ukungu na giza kuliko jicho la binadamu. Picha ya kamera hizo inaletwa kwenye kioo pamoja na mwendo, kimo na mstari wa upeo wa macho. Rubani akigeuza shingo, picha inamfuata.

Kabla ya hapo ndege za abiria zilikuwa na HUD, kile kioo chenye alama za mwendo na kimo, kinachokunjuliwa kutoka juu ya kichwa cha rubani. Alaska Airlines walikikumbatia tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya ukungu wa Seattle. Boeing 787 inatoka kiwandani na viwili, kulia na kushoto, kwa hiyo marubani wa Kenya Airways na Air Tanzania wanaorusha 787 wanakijua vizuri. Udhaifu wake ni kwamba kinahitaji nafasi ambayo ndege nyingi ndogo hazina, rubani lazima kichwa akiweke mahali pake hasa, na kinaonyesha mbele tu. Ukikata kona kuitafuta njia ya kurukia iliyo ubavuni, HUD haikusaidii. Kioo cha kuvaa kinaondoa yote hayo matatu, ndiyo maana NASA kituo cha Langley, Virginia, walikifanyia utafiti wa miaka mingi kwenye simuleta (mashine ya ardhini inayoiga urukaji), ikiwemo kuitembeza ndege ardhini katika uwanja wa O'Hare wa Chicago, wenye njia nyingi zinazokatana.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu matangazo ya vifaa hivi yanajibu swali moja tu: rubani anaona nini kipya? Mimi nafanya kazi ya vyombo vya ndege na naamini swali la kwanza kwenye majaribio liwe hili: akishavaa, ni kitu gani ameacha kukiona?

Ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1980 watafiti wa NASA kituo cha Ames, California (Fischer, Haines na Price) waliwaweka marubani wazoefu wa ndege za abiria kwenye simuleta yenye HUD. Wakatua mara kadhaa vizuri. Halafu, bila kuwaambia, ndege nyingine ikawekwa juu ya njia ya kurukia, imeziba kabisa. Kati ya marubani 8, wawili walishuka moja kwa moja kana kwamba hakuna kitu. Walipoonyeshwa mkanda wa video baadaye hawakuamini macho yao. Hawa walikuwa wanaangalia mbele, ndege ile ilikuwa mbele, na kioo kinapitisha mwanga. Macho yalikuwepo pale, akili ilikuwa kwenye alama za HUD.

Miaka ya 1990 mtafiti Wickens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walifuatilia zaidi. Jambo ambalo rubani analitarajia analiona haraka akiwa na HUD, na njia yake anaishika vizuri zaidi. Jambo asilolitarajia ndilo anachelewa kuliona. Sasa niambieni, ajali inatokana na lipi kati ya hayo mawili?

Karibuni tujadili.

---

BahariaMtongwe

Ndugu, shukrani kwa uzi. Mimi ni mtu wa Mombasa na naomba tuizungumzie ajali ya Douala, Cameroon. Ndege ya Kenya Airways, KQ 507, tarehe 5 Mei 2007, watu 114, hakuna aliyepona. Nilivyosoma, ndege haikuwa na hitilafu yoyote. Ilikuwa 737-800 mpya, hata mwaka haijafikisha. Iliruka usiku wa manane, ikaanza kulala upande wa kulia polepole, marubani hawakujua. Hivi wangekuwa na kioo cha namna hii usoni, si wangeona?

---

KimoSalama

Mkuu BahariaMtongwe, ajali ile ndiyo inayonifanya nisiipinge teknolojia hii hata kidogo.

Nahodha alitamka kwamba otopailoti (mashine inayoirusha ndege yenyewe) iwashwe, akaendelea akiamini imewaka. Haikuwa imewaka. Nje kulikuwa na giza na mvua, hakuna taa ya kushika jicho. Ndege ilipinda kulia taratibu mno kiasi kwamba sikio la ndani, linalotupa hisia ya kulala au kusimama wima, halikushtuka. Onyo la mwinamo lilipolia, ndege ilikuwa imeshalala karibu nyuzi 35, na nahodha aliposhika usukani aliugeuzia kulia kwanza, upande uleule ilikolalia. Ripoti ya uchunguzi iliweka jina kwenye tatizo: kupotewa na hisia ya mahali ulipo angani, na vyombo kutosomwa kwa muda wote ule.

Kioo kinachoweka mstari wa upeo mbele ya macho popote rubani anapoangalia kingemwongezea nafasi ya kushtuka mapema. Hilo nalikubali. Lakini chombo cha kuonyesha mwinamo kilikuwepo mbele yao tangu mwanzo, kikubwa, cha rangi, kikiwa kizima. Walichokosa ni kukitazama, kwa sababu waliamini kazi hiyo inafanywa na mashine. Mtu anayeamini hivyo anaweza kuwa na mstari umeinama mbele ya jicho lake na bado asiusome. Kwa hiyo jaribio la kweli la kioo kwa ajali ya aina ya Douala ni hili: rubani yuko simuleta, usiku, kapewa kazi nyingine ya kumshughulisha, ameambiwa otopailoti imewaka, halafu ndege inaanza kulala nyuzi moja au mbili kwa sekunde. Unahesabu sekunde mpaka mkono wake uguse usukani, na unaangalia aliugeuzia upande gani. Unafanya hivyo akiwa na kioo na akiwa hana. Sijali alijaza nini kwenye dodoso.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalifikirii. HUD inaangalia mbele siku zote, kwa hiyo mstari wa upeo unaeleweka. Kioo cha kuvaa kinazunguka na kichwa. Ukigeuza uso nyuzi 90 kushoto huku ndege imelalia kushoto, mstari wa upeo unaouona hauinami, unapanda tu juu. Unaona kama pua imeshuka kumbe bawa ndilo limeshuka. Maabara ya jeshi la anga la Marekani huko Wright-Patterson, Ohio, imetumia muda mrefu kubuni na kupima alama zinazoonyesha mkao wa ndege kwa namna moja tu bila kujali kichwa kimeelekea wapi. Anayetaka kuniuzia kioo nitamwomba anigeuze uso kwanza ndipo anilaze ndege.

---

Mwanagenzi_wa_Anga

Shikamoo wakubwa. Nasomea urubani na naomba kueleweshwa. Wataalamu wanaposema kupima "utambuzi wa hali" wa rubani, yaani anajua nini kinaendelea, unapima vipi kitu kilicho kichwani mwa mtu? Si kila mmoja atasema alikuwa anajua kila kitu?

---

KimoSalama

Marahaba kijana, umeuliza swali la msingi.

Mtafiti Mica Endsley alitoa njia yake mwaka 1988, inaitwa SAGAT. Rubani anaruka kwenye simuleta, na wakati asioutegemea simuleta inasimamishwa, skrini zote zinazimwa. Anaulizwa palepale: kimo chako ngapi? Ndege iliyo karibu nawe iko upande gani? Inapanda au inashuka? Ukiendelea hivi kwa dakika mbili utakuwa wapi? Majibu yanalinganishwa na kumbukumbu za simuleta. Endsley aligawa utambuzi katika ngazi tatu: kuona kitu, kuelewa maana yake, na kukisia kitakachofuata. Kioo cha kuvaa kinaweza kumpandisha mtu ngazi ya kwanza bila kumgusa ya tatu, na kwenye anga ya tatu ndiyo inayookoa.

Pembeni ya hapo kuna NASA-TLX ya kupima uzito wa kazi, nayo ya 1988, yenye mizani sita: kazi ya akili, ya mwili, ya muda, jinsi mtu anavyoona amefanikiwa, jitihada, na kero. Ni kipimo kizuri ila kinategemea rubani mwenyewe anavyojisikia. Nionavyo, mtu anaweza kujisikia mwepesi kwa sababu ameacha kuangalia nusu ya mambo aliyopaswa kuangalia. TLX ikishuka na SAGAT nayo ikashuka, hapo kuna hatari, na muuzaji atakuonyesha TLX peke yake.

---

Dkt_Kipanga

Wadau, nichangie upande wa mwili.

Marubani wa helikopta za kivita za Apache wamevaa kioo cha jicho moja, la kulia, tangu miaka ya 1980. Jicho la kulia linaona picha ya kamera iliyo kwenye pua ya helikopta, mita kadhaa mbele na chini ya alipokaa rubani. Jicho la kushoto linaona ulimwengu wa kawaida. Ubongo unaletewa dunia mbili na kulazimika kuchagua. Marubani wameripoti kuumwa kichwa, macho kuchoka, na picha moja kufifia bila wao kutaka. Wengi wanazoea, lakini kuzoea kunachukua mafunzo marefu.

Halafu uzito. Mwaka 2015 jeshi la anga la Marekani lilizuia marubani wenye uzito chini ya pauni 136, kama kilo 62, kurusha ndege ya kivita ya F-35, kwa hofu ya shingo kuvunjika wakirushwa nje na kiti. Kofia nzito ilikuwa sehemu ya tatizo. Kofia ilipunguzwa uzito na kiti kikarekebishwa, zuio likaondolewa 2017. Najua ndege za abiria hazina kiti cha kurusha. Lakini gramu mia kadhaa zilizokaa mbele ya paji la uso kwa safari ya saa nane ni mzigo kwa misuli ya nyuma ya shingo. Naomba majaribio yasifanywe kwa dakika arobaini halafu tuambiwe hakuna aliyelalamika.

---

KimoSalama

Daktari, asante sana. Niongezee moja linaloungana na lako: moshi.

Kanuni za Marekani za ndege kubwa zinataka barakoa ya oksijeni ya rubani ivalike kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5, bila kusumbua miwani aliyovaa. Sasa weka kioo hiki kichwani, na waya wake unaoshuka begani, halafu moshi ujae chumbani. Anavua kioo kwanza? Kwa mkono upi, wakati mwingine umeshika usukani? Kinaning'inia wapi? Hilo lijaribiwe kwa moshi wa bandia na saa ya kuhesabia. Kama barakoa inachukua sekunde 9, kifaa kirudi kiwandani.

---

FundiAvioniki_JNIA

Mwanzisha uzi, umetaja akili na mwili, sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Kwetu sisi mafundi hofu kubwa ni mpangilio. HUD imefungwa kwenye mwili wa ndege, ukishaipanga imetulia. Kichwa cha mtu hakijafungwa popote. Nani atahakikisha kwamba mstari wa upeo kwenye kioo umelala juu ya upeo wa kweli, kila siku, kwa kila rubani?

---

KimoSalama

Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo penye uzito.

Tarehe 19 Mei 2020, kambi ya Eglin, Florida. Rubani wa F-35A anarudi kutua usiku. F-35 haina HUD kabisa, alama ambazo HUD ingeonyesha ziko kwenye kofia. Uchunguzi wa jeshi ulikuta kwamba alama kwenye kofia hazikuwa zimepangana na ulimwengu wa nje, zilikaa pasipo pake. Rubani akawa anapambana na tofauti hiyo, na pia na mng'ao wa kijani wa kioo uliomzuia kuiona vizuri njia ya kurukia. Wakati anapambana, hakugundua kwamba alikuwa ameacha mwendo umeshikiliwa na mashine. Akagusa ardhi kwa noti 202 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), noti 50 zaidi ya inavyotakiwa. Ndege ikadunda, mfumo wa usukani na rubani wakavutana, akajirusha. Alipona na majeraha, ndege ikateketea. Ripoti ilitaja pia uchovu na upungufu wa mafunzo, kwa hiyo sisemi kofia ndiyo chanzo pekee.

Angalieni mnyororo ulivyo. Kioo hakikuzima. Kingezima, rubani angejua kimezima na angegeukia vyombo vya chini. Kilidanganya kidogo, na udanganyifu mdogo ukala umakini wake mpaka kitu kikubwa, mwendo, kikapita bila kuonwa.

Kwa hiyo FundiAvioniki, jaribio ninalolitaka ni la kuharibu kioo makusudi bila kumwambia rubani. Leo unakisogeza nusu nyuzi. Kesho nyuzi moja. Unaangalia anagundua kwenye nyuzi ngapi, na akigundua anakizima au anaendelea kupigana nacho. Kisha unakizima ghafla kwenye futi 100 juu ya njia ya kurukia, ukungu ukiwa mzito.

Na kuna kuchelewa kwa picha. Tuseme rubani anageuza kichwa kwa nyuzi 100 kwa sekunde, ambayo si kasi ya ajabu. Mfumo unachukua milisekunde 50 kupima kichwa kiko wapi na kuchora upya. Katika muda huo kichwa kimeshakwenda nyuzi 5, na alama bado iko nyuma. Nyuzi 5 kwa umbali wa kilomita moja ni mita 87. Njia nyingi kubwa za kurukia zina upana wa mita 45. Yaani kwa kitambo hicho alama ya njia imekaa porini. Kichwa kikitulia inarudi mahali pake, lakini kuogelea huko kwa alama ndiko kunakowapa watu kichefuchefu, na ndiko kunakowafanya waache kugeuza shingo. Rubani aliyeacha kugeuza shingo amevaa HUD nzito tu.

---

DadaCaravan

Kaka KimoSalama, mambo ya 737 na F-35 ni makubwa. Sisi tunaorusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, mbugani, viwanja vya vumbi, rubani mmoja, mawingu ya mchana yanajenga mbele yako, hivi tunapata nini hapa? Kioo cha bei hiyo hakitafika kwetu.

---

KimoSalama

Dada, heshima kwenu, kazi yenu naijua ugumu wake.

Chuo Kikuu cha Illinois kilifanya jaribio mwaka 1954 na wanafunzi 20 ambao hawakufunzwa kuruka kwa vyombo. Waliingizwa kwenye hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Nyinyi mna mafunzo ya vyombo, ila kosa linaanza kabla: ni ile hatua ya kusogea taratibu kuelekea wingu ukidhani bado unaona.

Kwa hiyo cha kuvaa si lazima kiwe cha macho. Macho yenu yameshajaa kazi. Jeshi la majini la Marekani, maabara ya Pensacola, Florida, lilijaribu miaka ya 1990 fulana yenye vitetemeshi: ndege ikilala kulia unahisi mtetemo upande wa kulia wa kiwiliwili. Daktari Angus Rupert ndiye aliyeongoza. Ngozi haihitaji kuelekezwa mahali pa kutazama, na haishindani na redio. Mkanda wa mkononi unaotetema unapoikaribia mvua ni wa gharama ndogo zaidi. Lakini nao upimwe kwa swali lilelile. Kwenye Caravan, injini inatetemesha kila kitu, na uwanja wa changarawe unatetemesha zaidi. Je, mtetemo wa onyo unatofautika? Na ukilia mara kumi bila sababu, mara ya kumi na moja utausikiliza?

---

DadaCaravan

Mtetemo wa tumboni nauelewa. Ningependa kuujaribu. Suala la onyo la uongo ni kweli kabisa, kuna vyombo tunavizima kwa sababu hiyo.

---

BahariaMtongwe

Na mbona hamjamtaja rubani wa pili? Ikiwa mmoja kavaa na mwenzake hakuvaa, mwenzake atajuaje huyu anaona nini?

---

KimoSalama

Umegusa penyewe. Kwenye chumba chenye skrini za kawaida, msaidizi anaweza kunyoosha kidole: nahodha, mwendo. Wote wanaangalia kitu kimoja. Ukivaa kioo, unachokiona ni chako peke yako. Ndiyo maana AerAware wamewavisha wote wawili, na naona hilo ni sahihi. Ila hata wote wakivaa, wote wawili wanaweza kunaswa na picha ileile, na hakuna aliyebaki kuwa jicho la pili. Napendelea utaratibu ambapo anayefuatilia anabaki na wajibu wa kusoma skrini za chini kwa sauti, kwa vipindi vilivyopangwa, hata kama kioo chake kinamwonyesha kila kitu. Kwenye majaribio wapimwe wakiwa jozi, na wahesabiwe ni mara ngapi mmoja amemsahihisha mwenzake.

---

Mwanagenzi_wa_Anga

Nimejifunza mengi. Natafuta mada ya mradi wa chuo. Bila kioo cha kweli, naweza kufanya jaribio dogo la maana?

---

KimoSalama

Unaweza. Chukua simuleta ya kompyuta ya kawaida yenye alama za HUD, karibu zote zinazo. Tafuta wenzako wanaosoma urubani, nusu waanze na alama, nusu waanze bila, kisha wabadilishane, ili mazoea yasikupotoshe. Watue mara nyingi kwenye mwonekano hafifu, na uwaambie unapima jinsi wanavyoshika njia. Pima hilo kweli na uliandike.

Mara ya mwisho kabisa weka gari la zimamoto katikati ya njia ya kurukia. Nusu wakutane nalo wakiwa na alama, nusu bila. Kila mtu mara moja tu, kwa sababu akishaliona mara ya kwanza atalitafuta siku zote na hutapata tena mshangao. Hii ina maana utahitaji watu wengi zaidi ya unavyodhani, anza kuwakusanya mapema. Rekodi aliachana na kutua akiwa kimo gani, au kama alitua. Ukimaliza muulize aliona nini, kabla hujamwonyesha video. Na usiwaruhusu waliomaliza waongee na wanaosubiri nje.

Ukiwa tayari na mpango, uweke hapahapa tuupitie pamoja. Dkt_Kipanga na FundiAvioniki naomba msimwache kijana.